Nyama Tupu, Mkate Mtupu

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, nitasimulia kwa ufupi, kisha tuendelee, maana aibu ya leo inaifanya ile ya juzi ionekane sherehe.

Mimi ni bibi mtu mzima. Binti yangu wa pekee anafanya kazi katika duka la sandwichi, yale maduka yanayofanana kila mtaa: taa nyeupe za kuumiza macho, viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni kwa boliti kana kwamba kuna mwenye akili angetaka kuviiba. Alianza kwa kufagia. Akapanda akawa mkata mikate. Akapanda tena akawa msimamizi wa zamu.

Bosi wake tunamwita Bwana Meno, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amefumba mdomo. Ana maduka ya namna hiyo kadhaa. Alimwahidi binti yangu umeneja, sharti mama yake, yaani mimi, nikubali kupigwa picha ya tangazo.

Nikakubali. Nikavishwa aproni mpya yenye mikunjo ya dukani, nikashikishwa sandwichi iliyobandikwa kwa gundi ili isianguke, nikaambiwa cheka. Nikacheka. Sasa uso wangu umetundikwa mlangoni pa kila duka lake, na chini yake wameandika: "Kama ya Bibi."

Kama ya bibi yupi, sijui. Wangu angewarushia mwiko.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni.

Uvumi ulizuka kwamba nyama ya Bwana Meno si nyama. Mtu alimtupia paka kipande, paka akakinusa, akakifukia kwa mchanga. Hadithi ya huyo paka ilizunguka mji mzima kabla ya jua kuchwa. Bwana Meno akaona dawa ni kuwaita watu wa televisheni na magazeti waje dukani wamwone bibi wa kwenye bango akila kwa mdomo wake.

Binti yangu akaja chumbani kwangu na sentensi niliyotakiwa kuikariri.

"Mama, ni moja tu. 'Ukishika mkate wetu, umeshika nyama tupu.' Rudia."

"Ukishika mkate wetu, umeshika nyama tupu."

"Usiseme kama unatangaza msiba."

"Nimeambiwa niseme. Furaha haikuwemo kwenye mapatano."

Shoga yangu, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuwa amesimama mlangoni na pini mdomoni. Huyo pini hazimzuii kusema.

"Muache mwenzio, huyu ni mtu wa mabango sasa. Juzi nimepita pale, njiwa kamnyea jicho zima, na yeye bado anacheka tu!"

"Mama mdogo, usimharibu," binti yangu akasema. "Tafadhali. Kesho akikosea, mimi ndiyo basi."

Hakusema kwa utani. Kila jioni akirudi namwona anavyotumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mishipa ya mapaja imevimba kama kamba za kuanikia nguo. Hakuna kiti kwa anayekata mikate, na msimamizi wa zamu naye hapewi. Meneja pekee ndiye mwenye kiti, cheusi, chenye mgongo, kinazunguka. Binti yangu alinionyesha siku moja kupitia kioo cha ofisi, kama mtu anavyoonyesha nyumba anayotaka kununua.

Basi nikarudia ile sentensi nikiosha vyombo. Nikairudia nikichambua mchele. Nikalala nayo kichwani.

Kesho yake wakanipitisha mlango wa nyuma, wa jikoni, ili nisionekane kabla ya wakati. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao la kwanza.

Jikoni palikuwa na kijana mtu mzima ambaye wenzake wanamwita Glavu, kwa sababu hata akikupa mkono hazivui.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nyama mnapikia wapi?"

"Nyama?" Akamtazama mwenzake wa kwenye sinki. "Ahaa! Bibi anaulizia mzigo."

"Mzigo gani?"

"Nyama ni ya kule mbele, bibi, kwenye taa. Huku nyuma tunasema mzigo. 'Lete mzigo.' 'Mzigo umekwisha.' Ukitaja nyama huku watu wanadhani wewe ni mgeni."

Akavuta trei kwenye friji akaniwekea mbele.

Nimepika tangu sijafikia jiko kwa urefu, nikipanda juu ya kigoda. Nimekutana na nyama ngumu, nyama iliyochacha, nyama ya mnyama aliyekufa kwa uzee. Lakini zote zilikuwa zimewahi kutembea. Hii haikuwahi. Vipande vyote vilikuwa na umbo moja, duara la kuvutwa kidogo, kama sabuni za hotelini. Juu ya kila kimoja mistari minne myeusi ya moto, palepale, kwa mpangilio uleule.

"Mmechomea wapi?"

"Hatuchomi. Mistari inakuja nayo."

"Inakujaje na mistari isiyochomwa?"

"Imechorwa, bibi."

Imechorwa! Jamani, mtu mzima na ndevu zake amekaa kiwandani kazi yake ni kuchora moto.

Nikabonyeza kipande kwa kidole. Kikabonyea. Nilipotoa kidole, shimo likajifumba polepole, kama godoro mtu anapoamka. Nikakichana nitafute nyuzi. Hazikuwepo. Kilikatika kama mshumaa.

"Hebu niambie kweli, baba. Kuku yumo humu?"

"Yumo."

"Yumo vipi?"

"Kama chumvi inavyokuwemo."

Yule wa kwenye sinki akacheka mpaka akaangusha kisu. Mimi sikucheka. Nilipandwa na hasira nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka stoo: "Aliyewaletea watu uchafu huu hakulelewa na mama!"

Binti yangu alikuwa kando anahesabu mikate kwenye kreti. Akapoteza hesabu. Akaanza upya. Nikadhani ni hofu ya siku.

Alinisogeza pembeni, kwenye ndoo za mifagio.

"Mama, umeona. Sawa. Lakini utasema?"

Nikatazama viatu vyake. Ameukata mmoja ubavuni ili mguu upate nafasi.

"Nitasema," nikamjibu.

Msomaji wangu, nataka neno hilo ulishike vizuri. Nilisema nitasema. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikupanga kuwageuka mbele ya kamera. Niliingia kule mbele nikiwa nimekubali kabisa kusimama chini ya picha yangu mwenyewe na kudanganya watu na watoto wao.

Kule mbele kulikuwa kumejaa. Kamera tatu, waandishi, wapita njia, na wateja ambao walikuja kwa sababu ya kukaribishwa bure. Bwana Meno alikuwa amevaa suti ya rangi ya haradali. Akapanda juu ya kijukwaa akafungua meno.

"Ndugu zangu! Sisi hapa hatuuzi chakula. Tunauza upendo!"

Nikawaza, kama upendo ndio ule niliouona kwenye trei, heri kuchukiwa.

"Tumesingiziwa. Wenye wivu wamesema maneno. Basi leo atajibu mtu asiyejua kusema uongo. Bibi yetu! Bibi wa taifa zima!"

Wakapiga makofi. Dada mmoja wa televisheni akanisogezea kipaza sauti mpaka kikanigusa kidevu. Binti yangu akaniletea sandwichi kwa mikono yake miwili, kwa adabu, kama anavyoniletea maji ya kunawa.

Nikauma.

Mkate ulikuwa mlaini, sina ugomvi nao. Lakini ule mzigo, jamani! Haukutafunika, ulisambaa. Ukapanda juu ukashikamana na kaakaa, nusu nyingine ikaingia chini ya meno yangu ya kubandika. Nikiusukuma kwa ulimi unahama, hautoki. Watu wote kimya wananitazama. Bwana Meno ananionyesha kwa kichwa: sema, sema.

Nikasema. Kwa sauti, na kwa tabasamu kama la bangoni:

"Ukishika nyama yetu, umeshika mkate mtupu!"

Mimi mwenyewe sikusikia kosa. Nilidhani nimemaliza salama. Maneno mawili yalikuwa yamebadilishana viti mdomoni mwangu, na ulimi ukayapanga vizuri bila kuniuliza. Ningekwama katikati, watu wangejua nimeteleza. Lakini ilitoka imenyooka, kama mtu aliyeifikiria mwezi mzima.

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko. Halafu wote. Dada wa televisheni akashika mbavu, kipaza sauti kikaanguka.

"Bibi wetu mchekeshaji sana!" Bwana Meno akapaza sauti. Meno yalikuwa yote nje, lakini macho yalikuwa yamekwisha kunizika.

Binti yangu hakuwepo tena. Nilimwona kwa mbali mgongo wake ukipotelea jikoni.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu maarufu. Video ya siku ile ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikanifikia mimi mwenyewe nisiyekuwa na simu. Sokoni wananisimamisha. "Hongera bibi! Umewachana!" "Bibi una moyo wa simba!" Muuza nyanya akaniongezea fungu. Mwalimu mzima wa shule, na miwani yake, akanishika mkono akisema nchi inahitaji watu wakweli kama mimi.

Nikapokea. Nikasema asante, asante mwanangu. Nyanya nikaenda kuzipika.

Ndiyo maana naandika haya. Shujaa mnayemsifu sokoni hayupo. Yupo mwanamke aliyekwenda kusema uongo akashindwa hata huo kuusema sawasawa. Hakuna ninachowadai, na mimi sina cha kujivunia zaidi ya meno ya kubandika.

Ukiacha binti yangu, shoga peke yake ndiye niliyemweleza.

"Kwa hiyo hukukusudia?"

"Hata kidogo."

"We, funga mdomo!" akasema, na safari hii alizitoa pini kwanza. "Usimwambie mtu. Huwezi kujua ushujaa utakuja kufaa lini."

Nyumbani binti yangu hakuwa ananisemesha. Salamu, ndiyo. Chakula, ananipakulia. Basi. Jioni anaingiza miguu kwenye beseni, anatazama ukuta. Nikamwambia, "Mwanangu, ulimi uliteleza." Akasema, "Najua, Mama." Afadhali angenitukana.

Tulikuwa tunangoja afukuzwe. Kila mlio wa mlangoni tunashtuka.

Hatimaye Bwana Meno akaja mwenyewe, alasiri, na suti yake ya haradali. Tukamkaribisha kiti. Shoga naye akaingia na gauni la mtu mkononi, anajifanya anashona.

"Bibi!" akasema. "Umenitajirisha!"

Tukatazamana.

"Tangu siku ile foleni inafika barabarani. Wanakuja makundi makundi. Wanasema 'Nipe mkate mtupu!' wanacheka, wanajipiga picha, wanalipa. Basi nimeamua. Tunatoa sandwichi mpya. Jina lake: Mkate Mtupu."

"Ndani kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi! Ndiyo utamu wake. Mkate, sosi kidogo, na picha yako kwenye karatasi."

"Na bei?"

"Ileile. Watu wananunua jina."

Shoga akajichoma sindano. Mimi nilimtazama yule mtu nikakosa pa kumweka. Mwizi wa kawaida huiba akakimbia, angalau miguu yake inaona aibu. Huyu anaiba, anakaa, anaomba sukari ya pili kwenye chai, na anataka uliyeibiwa umchekee. Na nyuma yake foleni ya watu waliosoma kuliko mimi, wanalipia hewa na kuisifia sosi.

"Na kingine," akasema akimgeukia binti yangu. "Jumatatu unaanza umeneja. Ofisi ni yako."

Binti yangu akaziba mdomo kwa mikono. Kisha akaniangukia shingoni akalia, na mimi nikalia. Dharau yangu yote kwa Bwana Meno niliimeza, nikainuka nikammiminia chai nyingine. Ndiyo, kwa mkono huu. Shoga akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama mtu asiyeamini anachoshangilia.

Kikombe hakijafika mdomoni, mlango ukagongwa.

Alikuwa bwana mwembamba, shati la mikono mifupi, begi la baridi begani kama la wauza barafu.

"Hodi. Mimi ni bwana afya. Namtafuta bibi aliyesema mkate mtupu."

"Karibu," nikasema. Ningesema nini?

Akakaa. Akafungua begi, akatoa kipande ndani ya mfuko, akakiweka mezani karibu na birika. Duara la kuvutwa. Mistari minne myeusi.

"Mteja mmoja ameniletea hiki. Tumekipima. Kuku aliyemo hatoshi hata kumpa mtu mafua. Sheria hairuhusu kukiuza kwa jina la nyama."

"Hicho si cha kwetu," Bwana Meno akasema papo hapo. "Kimeokotwa popote."

"Ndiyo maana nimekuja kwa bibi. Yeye alikula cha kwenu, mbele ya kamera."

Nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona: Bwana Meno alifunga mdomo. Ukakaa hivyo kidogo tu. Kisha ukafunguka tena, na meno yote yakamgeukia binti yangu.

"Na hata kikiwa cha kwetu," akasema taratibu, "mimi dukani kwangu ilikuwa ikiingia minofu ya kuku halali. Huyu ndiye aliyekuja kuniletea hii."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. "Wee baba, usimtupie mwanangu mizigo yako."

"Muulize."

Nikamgeukia ili anisaidie kucheka. Hakucheka.

"Mama," akasema. "Mzigo niliutafuta mimi."

Shoga akaacha kushona.

"Aliniambia nitafute cha rahisi," akaendelea, sasa sauti imekwisha kuwa nyembamba. "Akasema meneja ni mtu anayejua kupunguza gharama. Nikazunguka viwandani siku zangu za mapumziko. Nikakipata. Akafurahi. Umeneja alianza kuuzungumzia siku ile. Hiyo picha yako ya tangazo ilikuja baadaye, ya kupamba tu."

"Nilisema rahisi," Bwana Meno akasema. "Sikusema gundi."

"Ulionja! Ukasema tamu!"

"Nilikuwa na mafua."

Mimi sikuwa nawasikia vizuri. Nilikuwa nawaza dunia nzima ya watu ambao ningewadhania kabla ya kumdhania huyu. Mtoto ambaye nikimkaangia samaki nilikuwa namtolea miiba hadi amekuwa mkubwa.

Bwana afya akapiga meza kidogo kwa kidole.

"Sikilizeni. Maneno yenu ya humu ndani kila mmoja atayakana nje. Kilichopo ni sentensi ya bibi, ambayo watu wote wameisikia." Akatoa kalamu. "Bwana huyu amekwisha kuandika kwa wakubwa wangu kwamba ulimi wako uliteleza. Kwa hiyo nauliza swali moja, mama yangu, na jibu lako ndilo nitakalokwenda nalo. Ulikusudia, au uliteleza?"

"Akisema alikusudia?" Shoga akauliza.

"Nafunga maduka yote kesho asubuhi. Na aliyeleta mzigo anajibu kwa hakimu."

"Akisema aliteleza?"

"Sina shahidi. Naondoka, na kipande changu."

Bwana Meno akaegemea kiti, ametulia kabisa, anakoroga chai yake. Alikuwa na haki ya kutulia. Niliteleza. Hiyo ndiyo kweli, Mungu shahidi na shoga shahidi. Kweli yangu ingemwokoa yeye, imweke binti yangu kwenye kiti cheusi kinachozunguka, na watoto wa watu waendelee kulishwa godoro. Na uongo, huo mmoja, kwamba nilikusudia, ungewaambia watu kilichomo kwenye sahani zao. Kisha ungemchukua mwanangu ukampeleka mahakamani.

Nikamtazama shoga. Shoga akatazama gauni.

Binti yangu akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa pekupeku. Nilidhani ataniomba.

"Sema ukweli, Mama," akaninong'oneza.

Bwana afya akainua kalamu.

"Upi?" nikamuuliza mwanangu.